Barafu ya Ushirombo na Mama Mkwe Mgongoni

Mmeniuliza kijiweni, mmeniuliza kanisani, na juzi mmenifuata mpaka kwa kinyozi nikiwa na povu shavuni. Basi naandika, mkasome wenyewe, maana kila nikianza kusimulia kwa mdomo mnacheka kabla sijafika Tinde. Nawaomba jambo moja tu. Mkimaliza, asije mtu akaniambia anamwonea huruma Baba Shija. Huruma yake ameshapewa na wilaya nzima, haina haja ya kuongezewa kutoka kwetu Kambarage, Shinyanga.

Kambarage

Ilianza na picha. Nakunywa chai asubuhi, simu ya mke wangu ikalia, akatazama, akapiga yowe. Nikachukua simu. Ni Baba Shija, amesimama uwanjani kwake Ushirombo, kaptura na kandambili, miguu imezama kwenye weupe mpaka vifundoni, anacheka meno yote nje. Chini ameandika: "Theluji imetua kwetu. Mwambie Mwalimu aje aone."

Kwa wale msiomjua, Baba Shija ni mwanyumba wangu. Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye ameoa mdogo wake. Mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Nimechora theluji ubaoni kwa chaki mpaka bega likauma, nimewaambia watoto wa watu kwamba theluji iko juu ya Kilimanjaro, nami hata mlima wenyewe sijauona ila kwenye kalenda. Halafu huyu, aliyeishia darasa la saba, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Masumbwe, ndiye anayefuatwa na barafu mpaka mlangoni. Roho iliniuma, sitaficha. Nikamwambia mke wangu, "Hiyo si theluji. Ni mvua ya mawe. Mwandikie."

Mke wangu hakuandika kitu, kwa sababu nyuma ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti, umekwama usiku kucha kwa kukosa mtandao. Baba Shija alikuwa anahema. Akasema, "Dada, ile picha niliituma kabla sijajua. Nilipofika kwa mama mawe yakaanza upya. Mawe yametoboa bati zote kwa mama, nyumba imejaa barafu. Amenyeshewa muda mrefu. Tumemhamishia jikoni kwa jirani yake, Mama Tereza, kifua kimembana, na hospitali hataki kusikia."

Mke wangu akakaa chini. Mama yake hana mtoto wa kiume, ana mabinti wawili tu. Mdogo amejifungua juzi, hawezi kutoka nyumbani. Mke wangu mwenyewe mguu wake mnaujua, ngazi tatu tu anaomba kupumzika. Akanitazama, akasema, "Baba Minza, nenda. Mpeleke mama hospitali, akipata nafuu mlete hapa. Usirudi bila mama."

Nikachukua blanketi letu zito, lile la maua mekundu, nikalikunja, nikalifunga kwa kamba ya katani. Mke wangu alidhani naharakisha kwa ajili ya mama yake, na nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka Baba Shija awe peke yake pale akionekana mkwe mwema. Huyo mtu alishawahi kuletewa firigisi ya kuku ukweni mbele yangu mimi mkwe mkubwa, mimi nikapewa paja. Paja ni nyama nyingi, najua. Lakini nyie mnajua firigisi ni nini.

Tinde

Basi lilifia karibu na Tinde. Fundi akaingia chini, miguu ikabaki nje, tukamtazama miguu saa mbili nzima. Jua linawaka, na mimi nimekumbatia blanketi la baridi.

Mama mmoja aliyekuwa anauza matobolwa na karanga akanikaribia. Viazi vyake vilikuwa vizuri, vimechemshwa vikakaushwa mpaka vikawa kama nyama ngumu, unatafuna taya linachoka. Akanitazama usoni, akalitazama blanketi, akaongeza karanga bila kuulizwa.

"Pole sana, baba."

Nikajibu, "Asante, mama." Nilidhani ananipa pole ya basi.

"Ni nani?"

"Mama mkwe."

Akapiga ulimi, akatikisa kichwa. "Mungu ampumzishe. Alikuwa mtu mzima?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mzima, uso umekunjamana, blanketi limefungwa kwa kamba, anatazama mbali: anakwenda msibani. Angekuwa nani mwingine? Na uso wangu ulikuwa umekunjwa na wivu, lakini wivu na msiba kumbe usoni vinafanana. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Kabla sijasema, kondakta akapaza sauti, "Jamani, basi jingine limekuja, nafasi ni chache, tumpishe kwanza mzee mwenye msiba!" Watu wakanipisha. Nikapewa kiti cha mbele, dirishani, na soda ya baridi juu.

Ndugu zangu, nilipaswa kusema. Sikusema. Nilikaa, nikanywa soda, nikasema asante, asante, kazi ya Mungu. Mpaka tunafika Kahama nilikuwa nimemzika mama wa watu yu hai, na abiria mmoja ameshaniuliza kama ibada itakuwa ya saa ngapi.

Kahama hadi Masumbwe

Kahama nikapanda mchomoko, vile vigari vidogo vinavyochomoka tu bila kufuata ratiba ya stendi. Kwa ajili ya blanketi nikakaa tena mbele. Nyuma yangu alikaa Masanja, mchimbaji wa Masumbwe, kijana wa miaka thelathini hivi, sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio chini ya ardhi.

"Mzee, mimi jana nilikuwa chini kwenye duara," akasema. Duara ndilo shimo lao. "Chini kule ni joto, tumevaa bukta tu, jasho linatiririka. Tunasikia juu kama mtu anamwaga kokoto. Tukadhani wanamwaga mawe ya karasha. Tunatoka, mayu wane! Dunia nyeupe! Mwenzangu mmoja akapiga magoti akasema tumekufa, tumefukiwa, hapa ndiyo kwa Mungu. Nikamwambia kwa Mungu hakuwezi kuwa na baridi hivi."

Gari zima likacheka, hata mimi na msiba wangu.

"Mlifanyaje na hiyo baridi?" dereva akauliza.

"Viroba. Tulichukua viroba vya kubebea mawe, tukatoboa sehemu ya kichwa na mikono, tukavaa. Viwili viwili. Tukawasha moto wa vipande vya magogo, tukauzunguka kama kuku. Meno yanagongana mpaka huwezi kumwita mwenzako kwa jina." Halafu akajipiga paja. "Lakini yote hayo si kitu! Kuna jamaa mmoja wa karasha, anakaa Ushirombo. Huyo amembeba mama mkwe wake mgongoni!"

Dereva akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Mgongoni?" dereva akauliza.

"Mgongoni! Mawe yanamtwanga kichwani, yeye amemfunika bibi kwa sufuria, anakimbia naye."

Sasa mtu wa mbali atasema, kuna nini hapo? Lakini kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni. Akija njiani wewe unaingia majanini. Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye ukoo ule, na mkono wa mama mkwe sijawahi kuushika. Namsalimia nikiwa mbali, nimeinama, naye anaitikia anatazama upande. Na huyu amembeba! Tumbo kwa mgongo!

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Kwa ukoo wangu hapo ni mbuzi wa kutakasa, na aibu juu."

Mwingine akasema, "Aibu gani? Angemwacha afe? Huyo ni mwanaume. Mimi mkwe wangu hata mzigo hanibebei."

Na wote wakaanza kumsifu. Dereva akasema akimpata atamnunulia nyama choma. Masanja akasema Masumbwe yote inamzungumzia. Nikasema, "Ni uongo."

"Mzee, unamjua?"

"Simjui," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua.

Ushirombo kwenda kijijini

Kutoka Ushirombo nilichukua bodaboda. Dereva wake alikuwa baba mzima, amevaa sweta mbili na kilemba cha khanga ya mkewe, hana habari na anayemcheka. Tulivyoingia ndani ndivyo hewa ilivyozidi kuwa baridi, baridi ya kutoka chini, inapanda kwenye suruali. Na kando ya njia, chini ya vichaka na kwenye mitaro, bado kulikuwa na mafungu meupe ambayo jua halikuyamaliza.

Nikamwambia asimamishe. Nikashuka mbio na umri wangu huu, nikapiga magoti, nikaichota barafu kwa mikono miwili. Ilikuwa punje punje, nyingine kama gololi, nyingine zimeshikamana kama bonge la chumvi. Vidole vikauma, vikafa ganzi, nikacheka peke yangu. Miaka thelathini na moja ya chaki! Nikatoa simu nijipige picha nikiwa nimesimama juu yake, kubwa kuliko ile ya Baba Shija.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama shambani, nyuma ya fungu lile. Sikumwona mwanzo. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, sasa yamebaki vijiti, majani yamechanikachanika yamelala kwenye matope. Pamba ndiyo usiseme.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma chetu, maana ilikuwa alasiri.

"Mwadila." Akanitazama na simu yangu. "Umefurahi, baba?"

Nikaitupa ile barafu, nikafuta mikono kwenye suruali, nikapanda pikipiki. Tukaenda mpaka kwenye kijito. Pale kalavati lilikuwa limesombwa na maji. Magari yote yaliishia upande huu, na gari la Baba Shija niliona limeegeshwa pale, kioo cha mbele kimepasuka. Watu walikuwa wameangusha gogo refu kuvuka. Nikavuka nikitambaa, blanketi mgongoni.

Nilipopanda kile kilima kidogo cha kwa mama mkwe, nikasimama.

Uwanja ulikuwa umejaa watu waliovaa majoho ya kwaya. Majoho mekundu yenye kola nyeupe, wanaume kwa wanawake, wamesimama kimya kimya kuuzunguka moto, nyuso chini. Mmoja alikuwa na koleo mkononi.

Jamani, nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimempokelea pole tangu Tinde, nimekunywa soda ya msiba wake, nimesema kazi ya Mungu, na sasa imekuwa. Nimemuua kwa mdomo wangu. Nilianza kulia kwa sauti, nikiita, "Mama! Mama wee!"

Mwanamke mnene mwenye majoho mawili akanijia mbio. "Nani huyu? Baba, vipi, umeanguka?"

"Amefariki saa ngapi?"

"Nani?"

"Mama mkwe."

"Wewe ni Mwalimu wa Shinyanga?" akasema. "Nyamaza, atakusikia! Yuko jikoni kwangu anakunywa uji."

Alikuwa Mama Tereza, jirani. Akanieleza nikiwa bado nimekaa matopeni. Nguo za watu zililowa zote kwa sababu bati zilitobolewa nyumba hadi nyumba. Katekista akafungua kabati la kanisa, akagawa majoho ya kwaya, kila mtu moja, wenye vifua dhaifu mawili. Kanisa peke yake ndilo lililobaki na paa zima, likalaza watoto na mbuzi pamoja. Wale waliokuwa uwanjani walikuja kuzoa barafu ndani ya nyumba ya mama kwa koleo.

Nyuma ya jiko

Baba Shija alikuwa nje, nyuma ya jiko la Mama Tereza, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Amevaa joho, chini yake kaptura ile ile. Macho mekundu, anatetemeka. Ndani ya jiko ndimo mlimokuwa na moto wa maana, lakini ndani alikuwamo mama mkwe, na yeye ni mkwe, hawezi kuingia. Alikuwa amelala pale nje usiku mzima, akitega sikio kukohoa kwake.

"Kaka Mwalimu, shikamoo. Afadhali umekuja," akasema. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa moto, homa kabisa.

"Marahaba. Ni kweli umembeba?"

"Nimembeba."

"Hukuona mtu mwingine?"

"Kaka, mawe yalikuwa kama ngumi. Nani angetoka?"

Alisema hivyo kwa upole, bila majivuno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angejisifu ningepata la kumjibu.

Nikaenda kwenye ukuta wa jiko, nikainama, nikasema, "Shikamoo, mama."

Mama Tereza akatoa kichwa mlangoni, akasema, "Anasema marahaba. Anauliza, mke wako mguu vipi?" Tulisikiana vizuri kabisa, ukuta wenyewe wa fito, lakini maneno ilibidi yapite kwa Mama Tereza.

"Mwambie mguu haujambo. Mwambie nimekuja kumpeleka hospitali, halafu Shinyanga kwangu. Kwangu kuna dari. Kwa Baba Shija hakuna dari."

Ndani kukawa na kikohozi kirefu, cha kukwaruza, kisha ukimya, kisha sauti ya mtu anayevuta pumzi kama anavuta kamba kisimani. Mama Tereza aliporudi mlangoni uso wake ulikuwa umebadilika. "Amekubali hospitali. Sasa hivi. Midomo yake siipendi rangi yake."

Gogo

Vijana wanne wenye majoho walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka kijitoni, amefunikwa blanketi langu la maua. Mimi na Baba Shija tulifuata mbali kidogo, tumetazama pembeni, kama inavyotakiwa. Nilifurahi kuona blanketi langu limekuwa la kwanza kufika juu yake.

Lakini kwenye gogo kitanda hakipiti. Anapita mtu mmoja, na mgonjwa awe mgongoni. Vijana wakajitolea wote. Mama mkwe akainua mkono kutoka kwenye blanketi, akasema kwa sauti ndogo, safari hii bila kupitia kwa Mama Tereza:

"Aibu ya mkwe imeshatokea, ni mbuzi tu. Sitaki nyingine ya watoto wa watu. Anibebe aliyenibeba."

Aliyenibeba! Mbele ya kwaya nzima. Baba Shija akavua joho, akaanza kushuka, miguu inagongana kwa homa. Mtu yeyote angeona kwamba gogo lile hataliweza. Mimi niliona. Lakini sitawadanganya kwamba nilisogea kwa sababu hiyo. Nilisogea kwa sababu ya lile neno.

"Kaa," nikamwambia, nikamsukuma kifuani. "Mimi ndiye mkwe mkubwa."

Nikachuchumaa. Wakampandisha, wakamfunga kwangu kwa khanga mbili kama anavyobebwa mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Nilitegemea uzito, nikakuta mifupa na joto na kifua kinachokwaruza kwenye bega langu. Miaka ishirini na sita ya kuinama kwa mbali, na sasa pumzi yake inaingia sikioni mwangu.

Nikakanyaga gogo. Hatua ya kwanza, ya pili. Nilikuwa natazama ng'ambo, halafu nikageuza shingo kidogo, nimwone Baba Shija kama ananiona. Mguu ukateleza. Goti likagonga gogo, wote tukayumba, kwaya ikapiga yowe.

Ndipo aliposema, sikioni, kila neno na pumzi yake. "Baba Minza. Unanibeba huku unamtazama yeye. Tazama gogo."

Nikatazama gogo. Nikavuka nikilitazama gogo peke yake, na nikamweka kwenye gari la Baba Shija. Hakuna aliyenipigia makofi.

Hospitali

Ilikuwa nimonia. Daktari alisema tungechelewa mpaka kesho yake angetuambia mengine. Wakamtundikia dripu, wakamwekea na hewa ya puani. Baba Shija naye alichomwa sindano, akarudishwa kwake kwa mkewe na kile kichanga.

Mama Tereza, aliyekuja nasi, alikesha na mama mkwe, asubuhi akarudi kwa watoto wake. Nesi akatoka akaniita benchini. "Mgonjwa hawezi kubaki peke yake. Ingia ukae."

"Mimi ni mkwe, sista."

"Na mimi nina wagonjwa kumi na wawili. Ingia."

Nikaingia. Nikageuza kiti, nikakaa nimempa mgongo, uso ukutani. Ukutani kulikuwa na mabaki ya gundi pale lilipobanduka tangazo. Tukakaa hivyo, mimi naangalia gundi, yeye anaangalia dripu.

Nikaanza maneno yangu. Nikamwambia Shinyanga kuna hospitali kubwa. Nikamwambia bati zetu ni nene, na dari ipo, na majirani ni watu wa kanisa. Nikasema kwa Baba Shija kuna vumbi la karasha, anakuja nalo nguoni, kifua chake hakitaliweza. Nikasema tena kwamba mkwe mkubwa ni mimi, watu watauliza. Nilisema sana, nadhani dripu ilishuka robo nzima.

Akakohoa, akapumzika.

"Baba Minza, tangu umefika umeniambia habari ya bati, na dari, na Baba Shija. Hujaniuliza naumwa wapi."

Nilitaka kusema nimeuliza. Nikarudi nyuma kichwani, kutoka pale kitini mpaka kwenye gogo, mpaka kwenye ukuta wa jiko. Nilimsalimia, nilimbeba, nilimfunika. Kuuliza sikuuliza.

Nikauambia ukuta, "Unaumwa wapi, mama?"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Halafu akaanza. Ubavu wa kushoto, akasema, akivuta pumzi ndani unachoma kama mwiba. Goti la kulia, aliangukia kisimani mwaka aliofiwa na mumewe, hakumwambia mtu kwa sababu mabinti wangemkataza kuteka maji. Na mgongo, lakini si maumivu, ni ubaridi. Marehemu alikuwa analala upande wa ukutani, na tangu aondoke upande ule haujapata joto, hata kiangazi, hata moto ukiwaka. "Jana watu wanalia baridi, baridi," akasema. "Mimi nikasema, kumbe na nyie mmeijua." Aliendelea mpaka nesi alipokuja kubadilisha chupa, na mimi sikusema neno lolote la Shinyanga.

Alikaa wodini siku nne. Siku ya kuruhusiwa daktari alitaka arudi kila baada ya siku tatu kuangaliwa, na yeye mwenyewe alitaka kukishika kile kichanga, basi akaenda kwa Baba Shija. Nililipokea hilo kwa kuuma meno. Kabla hajaondoka akatutumia neno kwa kupitia nesi: mbuzi wa kututakasa atakuwa mmoja, tumtafute mimi na Baba Shija pamoja, tukamvute kamba moja. Tulimpata mnadani, dume jeusi, mkaidi. Mimi nikavuta mbele, Baba Shija akasukuma nyuma, na watu wa Ushirombo wakawa wanamsalimia yeye tu.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina habari. Sikuwa na blanketi, kwa hiyo nilikaa nyuma.

Mke wangu nilikuwa nimeshampigia simu kwamba mama anabaki, naye akanikatia. Akaniwekea ugali na dagaa, akakaa mbali, amenipa ubavu. Nikala. Nikanawa. Akasema, "Nilikuambia usirudi bila mama."

"Ulisema."

"Kwa hiyo Baba Shija amekushinda."

Siku nyingine ningewaka. Nikamwambia tu jinsi mama anavyoendelea. Kwamba ule ubavu unapungua, na goti tumelipatia dawa ya kuchua.

"Goti gani?"

"La kulia. Aliangukia kisimani."

"Lini?"

"Mwaka aliofiwa na baba yenu. Na huwa anapata ubaridi wa mgongo, upande wa ukutani, pale alipokuwa analala marehemu."

Mke wangu akanigeukia. "Amekuambia wewe," akasema. "Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Nampigia kila Jumapili baada ya misa. Ananiambia hajambo."

"Nilimuuliza."

"Na mimi namuuliza!"

Uso wake nilikuwa naujua, maana nilisafiri nao kutoka hapa mpaka Ushirombo watu wakidhani nimefiwa. Akainuka na mguu wake ule, akashika ukuta, akaenda chumbani, nikasikia anaburuta kiti na kushusha begi kutoka juu ya kabati.

"Kesho nakwenda mimi," akasema kutoka humo ndani. "Na wewe usinifuate."